Aliyejifunga Kitambaa

Kila siku ya shule, saa tisa na nusu mchana, Sajini alikuwa akifungua mlango wa nyumba yao kwa ufunguo aliouvaa shingoni kwa uzi. Alivua viatu vyake, akamwambia mdogo wake avue vyake na avipange, si kuvirusha, kisha wakaenda kunawa mikono. Mdogo wake alikaa mezani na daftari la hesabu. Sajini aliingia jikoni.

Jina la Sajini alipewa na baba yake, kwa sababu tangu alipojua kusema alipenda kupanga watu. Alipanga viti, alipanga viatu, na siku moja aliwapanga hata wageni waliokuja kula, warefu nyuma na wafupi mbele. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu na jina lilikuwa limemganda. Mdogo wake, mwenye miaka saba, aliitwa Kidonge. Alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo mno, hata wauguzi wakamtania mama yao kwamba amejifungua kidonge cha kumeza kwa maji.

Mama yao alikuwa amefariki miezi saba iliyopita. Baba, ambaye alikuwa fundi bomba, hakulizungumzia sana jambo hilo. Alichofanya ni kuhama kiti. Wakati wa kula alikaa kwenye kiti cha mama, ili kisionekane kitupu, na chake kikabaki kitupu badala yake.

Jikoni hakukuwa na mengi: jiko la gesi la plati mbili juu ya meza ya saruji, mtungi chini yake, kabati la vyombo na dirisha lililotazama njia. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, kilining'inia kitambaa cha kijani chenye mifuko miwili na kamba ndefu za kufungia kiunoni. Kilikuwa cha mama. Na mama alikuwa na sheria moja juu yake: aliyejifunga kitambaa ndiye mwenye jiko. Haondoki jikoni mpaka moto uzimwe. Mgeni abishe, simu ilie, mvua inyeshe nguo zikiwa kambani, yeye haondoki. Akitaka kutoka, azime kwanza, ndipo avue.

Siku moja baba alijifunga akoroge uji. Mteja akamwita nje, naye akatoka, akasahau, akawa anaeleza habari za mabomba katikati ya njia na kitambaa kikipepea. Mama alimfuata na mwiko mkononi. "Samahani, ndugu," alimwambia yule mteja kwa adabu kabisa, "huyu mtu anatafutwa na sufuria yake." Majirani walicheka wiki nzima. Lakini baba hakurudia tena, wala mtu mwingine yeyote ndani ya nyumba ile.

Mama alipokwisha kuzikwa na watu walipotawanyika, alibaki shangazi. Huyu alikuwa dada mkubwa wa baba, fundi cherehani aliyekaa upande wa pili wa mji, mwanamke mwenye sauti kubwa na miwani iliyofungwa uzi. Siku ya kuondoka alimketisha baba sebuleni, na Sajini alisikia kila neno kutoka chumbani.

"Mdogo wangu, wewe unarudi saa kumi na mbili. Hawa wanarudi saa tisa. Hapo katikati nani yupo?"

"Sajini anajua kupika, dada. Mama yake amemfundisha vizuri."

"Kujua anajua. Lakini ni mtoto. Haya, nitanyamaza. Ila nikisikia kumetokea jambo jikoni humu, hata dogo, Kidonge nakwenda naye kwangu. Sitauliza mtu."

Baba akasema, "Sawa, dada."

Tangu siku hiyo maneno hayo yalikaa kichwani mwa Sajini. Kidonge alikuwa akilala kitanda kimoja naye tangu msiba, mguu wake mmoja lazima uguse mguu wa dada yake ndipo usingizi uje. Sajini hakuweza kuifikiria nyumba hiyo bila yeye.

*

Siku ya Alhamisi Sajini alikuwa anakaanga viazi. Alikwisha kuvimenya, kuvikata na kuvikausha kwa taulo safi, kwa sababu kiazi chenye maji hurusha mafuta. Alijifunga kitambaa, akabandika karai, akamimina mafuta, akawasha. Moto wa buluu ukatulia chini ya karai.

Ndipo Mapengo akatokea dirishani. Huyu alikuwa rafiki yake wa darasani, msichana aliyepoteza meno mawili ya mbele kwa kuruka ukuta na ambaye hakuona haya hata kidogo kucheka pengo likiwa wazi.

"Sajini! Zamu yako imefika!"

"Zamu gani?"

"Baiskeli ya kaka yangu! Si nilikwambia jana? Tuko wanane, kila mtu mzunguko mmoja. Sasa ni wewe. Njoo!"

"Nina mafuta motoni."

"Basi unapitwa. Aliyepitwa anarudi mwisho, na kaka anaichukua saa kumi kamili." Mapengo alishika vyuma vya dirisha na kuchungulia ndani. "Makubwa haya! Umekuwa Sajini wa sufuria kweli. Tangu lini hujatoka nje, wewe? Tutakuja kukuta umeota mfuniko kichwani."

Wenzake waliokuwa nyuma yake wakacheka. Sajini naye alicheka, lakini kicheko kilimkwama. Ilikuwa kweli. Tangu lini hakuwa ametoka?

Aliyatazama mafuta. Yalikuwa yametulia kama maji, hayajaanza hata kutetemeka. Akizima, itabidi aanze upya. Mzunguko mmoja ni mpaka duka la kona na kurudi. Dakika tano.

"Kidonge!" aliita. "Njoo hapa upesi."

Kidonge alikuja na penseli sikioni, kama alivyomwona baba akifanya. Sajini alivua kitambaa akamfunga yeye. Kamba zilimzunguka mara mbili na zikabaki. Pindo likamfika vifundoni. Akamsogezea stuli mbali kidogo na jiko.

"Kaa hapa. Usiguse kitu. Angalia tu. Nakuja sasa hivi."

Kidonge alijitazama, akanyoosha mgongo. Hakuwahi kuvishwa kitambaa hicho hata siku moja. "Mimi ndiye mwenye jiko?" aliuliza.

"Ndiye wewe. Dakika tano tu."

Sajini akatoka mbio.

Baiskeli ilikuwa kubwa kwake na breki zake zililia kama bata. Lakini alipoteremka kile kimlima kuelekea dukani, upepo ulimpiga usoni na shati likajaa hewa mgongoni, na kitu fulani kilichokuwa kimemkaba kifuani miezi saba kikalegea. Alicheka peke yake. Alizunguka duka la kona, akarudi, na pale walipokuwa wamesimama wenzake Mapengo akapaza sauti, "Mmoja bado! Wa mwisho kasema haendeshi, anaogopa! Chukua wake!"

Mzunguko mmoja ukawa miwili.

Alipokuwa anapanda kimlima mara ya pili, akisukuma pedali kwa kusimama, aliinua macho akauona moshi. Ulikuwa mweusi, mzito, ukitoka dirishani polepole kana kwamba haukuwa na haraka yoyote.

Baiskeli aliiachia hapo hapo ikaanguka njiani. Hakusikia Mapengo alisema nini. Alikimbia, mdomo wazi, bila sauti.

Jikoni karai lilikuwa linawaka. Moto haukuwa chini ya karai tena, ulikuwa ndani yake, wa manjano, ukilamba ukuta hadi karibu na dari. Na Kidonge alikuwa bado yumo. Alikuwa amejibanza kwenye kona kati ya kabati na ukuta, hatua tatu tu kutoka kwenye moto, kitambaa kimemfunika, amekumbatia mkono wake wa kulia. Mlango ulikuwa wazi kando yake. Hakuna kilichomzuia kutoka.

"Dada, sikuondoka!" alilia alipomwona. "Sikuondoka!"

Sajini alimkamata kiunoni akamsukumia sebuleni. Kisha akarudi. Mikono yake ilikumbuka ilichofundishwa. Aliinama, akafunga gesi pale juu ya mtungi. Ndoo ya maji ilikuwa karibu na mguu wake, na mguu wake wenyewe ukaipiga teke kuisogeza mbali, kwa sababu mafuta yanayowaka hayamwagiwi maji. Alichukua sinia kubwa, akalishika mbele yake kama ngao, akalitelezesha juu ya karai kuanzia upande wake. Moto ulichungulia pembeni mara mbili tatu. Halafu ukafa.

Kimya kikaingia. Ukuta wote wa nyuma ya jiko ulikuwa mweusi.

"Kwa nini hukukimbia?" alimfokea Kidonge, akimtingisha mabega. "Kwa nini hukutoka nje?"

Kidonge alimtazama kwa macho yaliyojaa maji, kama mtu anayeulizwa jambo ambalo jibu lake anajua kila mtu.

"Nilikuwa nimejifunga kitambaa," alisema.

*

Alikuwa ameungua. Moshi ulipoanza alitaka kulisogeza karai kwa mwiko, na mafuta yakamrukia mkononi, kutoka kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko. Ngozi ilikuwa nyekundu na inang'aa. Sajini aliuweka mkono chini ya bomba, maji yakatiririka, na Kidonge akaacha kulia kidogo. Lakini saa ya ukutani ilikuwa inakwenda. Baba angerudi saa kumi na mbili, na ukuta ulikuwa mweusi. Baada ya dakika mbili hivi alifunga bomba. Alikumbuka kusikia mahali fulani kwamba dawa ya meno hupoza. Akampaka nyingi, nyeupe, kisha akamfunga kwa kipande cha shuka kuukuu.

"Sikiliza," alimwambia, akipiga magoti ili macho yao yalingane. "Shangazi akijua, atakuchukua."

Kidonge alitikisa kichwa. "Sitaki."

"Basi hatumwambii mtu. Hata baba. Vaa shati la mikono mirefu. Ukiulizwa, hakuna kitu. Utaweza?"

"Nitaweza." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Dada, nilikosea?"

Sajini alijifanya hakusikia. Alichukua sabuni na brashi, akaanza kusugua ukuta.

Baba alipoingia aliunusa moshi kabla hajavua kofia. Alisimama jikoni akautazama ukuta, ambao sasa ulikuwa wa kijivu badala ya mweusi.

"Nini hiki?"

"Mafuta yalipata moto sana, baba, yakawaka. Nilifunga gesi, nikafunika kwa sinia."

"Ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa hapa hapa."

Baba alishusha pumzi. Akaweka mkono wake mzito juu ya kichwa cha Sajini. "Umefanya vizuri," alisema. "Watu wazima wangapi wangemwaga maji! Mama yako angejivuna." Akafikiri kidogo. "Shangazi yako tusimsumbue na hili. Hakuna aliyeumia, si ndiyo?"

"Hakuna," alisema Sajini.

Jioni ile walikula mkate. Kidonge alitumia mkono wa kushoto. Baba alitabasamu akauliza kama ni mtindo mpya wa shuleni, na Kidonge akasema ndiyo. Sajini alitafuna na kutafuna, mkate ukawa kama pamba mdomoni.

*

Ijumaa Kidonge alikwenda shule na sweta kwenye jua kali. Sajini alimwona kwa mbali wakati wa mapumziko, amekaa kivulini peke yake wakati wenzake wanakimbizana. Mapengo alimjia akamuuliza, "Moshi ule ulikuwa nini? Na mbona ulitupa baiskeli? Kaka kanisema mimi." Sajini akamjibu kwa mkato kwamba ni viazi tu viliungua, akaenda zake. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo kila neno lilimtoka kwa kuvutwa.

Jumamosi alfajiri aliamshwa na joto. Mguu wa Kidonge uliogusa wake ulikuwa wa moto. Alimgusa paji la uso, akaurudisha mkono wake haraka.

Baba alikuwa ameitwa mapema kwenye jengo lililopasuka bomba. Alikuwa anafunga kamba za viatu mlangoni. "Shangazi yenu anakuja saa nne," alisema. "Ana hamu ya kuwaona. Mchemshie chai." Sajini alifungua mdomo. Baba alikuwa amekwisha kutoka.

Alirudi chumbani akafungua kile kipande cha shuka. Hakikutoka. Kilikuwa kimeshikana na mkono, na alipokilowesha kidogo kidogo kwa maji hadi kikaachia, harufu ilipanda ambayo hakuwahi kuinusa kwa mtu aliye hai. Malengelenge yalikuwa yamepasuka. Dawa ya meno ilikuwa imekauka na kuchanganyika na majimaji ya manjano, na wekundu ulikuwa umepanda juu ya kiwiko.

"Inanuka," alisema Kidonge, macho yake yakiwa nusu yamefumba. "Usimwambie shangazi. Nitakaa kimya. Naweza."

Sajini alikaa sakafuni. Alijaribu kupanga mambo, kama alivyozoea kupanga kila kitu. Shangazi hukaa saa mbili, tatu. Akiondoka, nitamwosha tena. Kesho Jumapili atalala. Jumatatu atakuwa amepona. Alipanga hivyo, lakini kila alipoutazama ule wekundu, mpango wake ulivunjika hapo hapo.

Alimfunga kipande kingine cha shuka, akamvisha sweta. Mlango ukabishwa.

"Hodi humu! Wenye nyumba mpo, au mmehamia kwa jirani?"

"Karibu, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Na huyu? Kidonge, mbona sweta joto lote hili, unakwenda kuuza barafu?"

Kidonge alicheka kidogo. Shangazi alimvuta akamkumbatia kwa nguvu, kama alivyokumbatia watu wote, na mkono ule ukabanwa katikati. Sajini aliona uso wa mdogo wake ukibadilika rangi. Aliona meno yakiuma mdomo. Lakini Kidonge hakutoa sauti hata kidogo.

Shangazi alizunguka nyumba. Alipitisha kidole juu ya kabati, akanusa taulo, akafungua mapipa. Sajini alimfuata nyuma. Jikoni shangazi alisimama mbele ya ukuta uliosuguliwa.

"Mmeosha ukuta?"

"Ndiyo, shangazi."

"Vyombo vinang'aa. Mtungi umefungwa vizuri." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya nguo yake, na sauti yake kubwa ikashuka. "Nikwambie ukweli, mwanangu, miezi yote hii nalala roho juu. Kumbe nimejisumbua bure. Leo baba yako akirudi nitamwambia nimeridhika. Kidonge atakaa hapa hapa na wewe, na habari za kumchukua sitazisema tena. Umenisikia?"

Sajini alisikia. Ndilo neno alilolisubiri kwa miezi saba. Lilikuwa limefika, limesimama mbele yake, na alichotakiwa kufanya ni kusema asante.

Kutoka sebuleni alisikia meno ya Kidonge yakigongana kwa baridi ya homa.

"Shangazi," alisema. Akautazama ule ukuta. "Shangazi, Kidonge ameungua."

"Ameungua nini?"

"Mkono. Kwa mafuta. Tangu juzi." Sasa maneno yalianza kuja yenyewe, yakisukumana. "Nilimwacha peke yake na moto. Nilikwenda kuendesha baiskeli. Nilimfunga kitambaa cha mama, akaona hawezi kuondoka, akakaa na moto ukiwaka. Nikamdanganya baba. Nikampaka dawa ya meno. Ana homa na mkono unanuka. Mchukue tu, shangazi. Mchukue, lakini apone."

Shangazi hakufoka. Hilo ndilo Sajini alilikumbuka baadaye kuliko yote. Alivaa miwani yake, akaenda sebuleni, akakunja mkono wa sweta taratibu, akatazama. Kisha akambeba Kidonge begani kama mfuko wa pamba. "Chukua ufunguo," alisema. "Njoo."

*

Kwenye kituo cha afya muuguzi alikuwa mtu wa makamo, mpole lakini asiyepoteza maneno. Aliuweka mkono wa Kidonge juu ya kitambaa safi na kuuliza bila kuinua macho.

"Kitu gani kilimuunguza? Maji au mafuta?"

"Mafuta ya kukaangia, sista," alisema Sajini.

"Lini?"

"Alhamisi, kabla ya saa kumi jioni."

"Mlimwagia maji?"

"Ya bomba. Dakika mbili hivi."

"Zilitakiwa ishirini. Mlipaka nini?"

"Dawa ya meno."

Muuguzi aliinua macho akamtazama. "Wewe ndiye uliyekuwepo?"

"Ndiye mimi. Yaani, sikuwepo. Ndiyo maana aliungua."

"Vizuri," alisema muuguzi, na Sajini akashangaa kusikia neno hilo. "Wengi wanaleta mtoto wanasema ameanguka, ameumwa na mdudu, na sisi tunapoteza muda kubahatisha. Sasa najua cha kufanya. Kidonda kimeingia uchafu. Mngengoja siku moja au mbili zaidi, ningewapeleka hospitali kubwa akalazwe. Mshike mkono huu mwingine. Itauma."

Iliuma. Ile dawa ya meno ilibidi itolewe yote, kipande kwa kipande. Kidonge, aliyekuwa amekaa kimya siku mbili, sasa alilia kwa sauti yake yote, na Sajini akamshika, akamwambia lia, lia tu, usinyamaze. Alimbana vidole mpaka vyake mwenyewe vikafa ganzi.

Shangazi alikuwa ametoka na simu. Aliporudi alimpa Sajini. "Ongea na baba yako. Mimi sijamwambia kitu."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote. Upande wa pili palisikika nyundo na watu wanaoitana. Sajini alieleza tangu mwanzo, baiskeli na kitambaa na ule uongo wa "hapa hapa". Nyundo ikaacha.

"Baba?"

"Nipo." Alikohoa. "Yuko hai?"

"Yuko hai. Wanamfunga bendeji."

"Nakuja," alisema baba.

*

Mchana ule walikaa wanne sebuleni. Kidonge alikuwa amelala kwenye kochi, mkono mweupe wa bendeji juu ya mto, homa imeanza kushuka. Baba alikuwa bado na nguo za kazi, na alama za kutu kwenye mashavu pale alipojifuta.

"Dada, ulisema," alianza baba kwa uzito, akimtazama shangazi. "Nami nilikubali. Sina neno la kukupinga."

Sajini aliinamisha kichwa. Alikuwa amekwisha kukunja nguo za Kidonge zote na kuziweka kitandani, mashati juu, suruali chini.

"Nilisema," alijibu shangazi. "Na leo ningeukuta mkono ule mimi mwenyewe, ningekuwa nimeshaondoka naye. Lakini sikuukuta. Nimeambiwa. Na ameniambia wakati nilipokwisha kumpa alichokitaka." Alivuta pumzi. "Halafu na mimi nina langu. Niliweka tishio juu ya watoto wawili waliofiwa, nikatarajia wanikimbilie wakipata shida. Wangenikimbiliaje? Simchukui. Cherehani yangu ndiyo itakayohama. Kuanzia Jumatatu nitashonea hapa saa nane mpaka urudi. Wateja wangu wana miguu, watatembea."

Baba alitikisa kichwa kukubali. Kisha alimgeukia Sajini.

"Umenidanganya, nami nikakusifu. Hilo limenichoma, sikufichi. Mwezi mzima hutagusa jiko bila shangazi yako kusimama kando. Na kila siku ya kubadilisha bendeji, wewe ndiye utakayempeleka."

"Ndiyo, baba."

"Sasa nisikilize, na wewe Kidonge, najua hujalala, jicho moja liko wazi." Kidonge alifumbua la pili. "Mama yenu aliweka sheria ya kitambaa ili mtu asiungue. Moto ukiwa mkubwa kuliko wewe, vua, tupa, kimbia, ita watu. Nyumba naweza kujenga nyingine. Hukukosea, mwanangu. Ulifanya ulichoambiwa, na hukutakiwa kuambiwa." Akamvuta Sajini akae karibu naye. "Na wewe, ulimwacha kwa dakika kumi hivi. Kosa ni kosa, lakini ni la kitoto, watu wengi wamefanya. Ila ulilificha siku mbili, na hizo siku mbili ndizo zilizomtia homa. Kuficha jeraha hakulifanyi kuwa dogo. Kunalipatia muda wa kukua. Ukikosa, njoo na kosa lako likiwa bado bichi. Nitakasirika, ndiyo. Lakini hasira yangu itapita, na wewe utabaki mtoto wangu. Umeelewa?"

Sajini alitaka kusema ameelewa, lakini badala yake alianza kulia, kilio kizito ambacho hakuwa amekitoa hata siku ya mazishi. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Shangazi alikwenda jikoni kimya kimya kutafuta cha kuwalisha.

Kidonda kilichukua wiki tano. Kila siku ya tatu Sajini alimpeleka Kidonge kituoni, wakikaa kwenye benchi refu, na kila mgonjwa aliyeuliza kijana kafanya nini alisimuliwa na Sajini mwenyewe, bila kuruka pale pa baiskeli. Wiki ya mwisho muuguzi alitoa bendeji akasema hairudishwi tena. Ngozi mpya ilikuwa nyororo, ya rangi nyingine.

"Itabaki hivi?" aliuliza Kidonge.

"Kovu litabaki," alisema muuguzi. "Mkono utafanya kazi zote."

Kidonge aliugeuza mkono huku na huku kwenye mwanga wa dirisha, akakunja vidole, akavikunjua. Kisha akampa dada yake mkono huo aushike, nao wakatoka kwenda nyumbani.